Kinachong'aa Kina Njaa

Mahubiri ya Jumapili, kwa ufupi
Masomo: 1 Timotheo 6:6–10; Mithali 6:1–5; Zaburi 124

 

Mwezi wa kumi unakaribia, na kila mtu hapa anajua maana yake. Bonasi inakuja. Kuanzia Litein mpaka Mogogosiek, kutoka Kapkatet mpaka Silibwet, watu wameanza kuhesabu pesa ambazo bado hazijafika. Mwenye nyumba isiyokamilika anahesabu mabati. Mwenye mtoto sekondari anahesabu karo. Sisemi ni vibaya. Aliyechuna majani kwenye mvua mwaka mzima ana haki ya kuhesabu. Lakini wako wengine pia wanaoihesabu bonasi yako, na hawajabeba kikapu mgongoni hata siku moja. Leo nataka tuwazungumzie hao.

Katika somo letu la kwanza, Paulo anamwonya Timotheo kwamba wanaotaka kuwa matajiri huanguka katika majaribu na katika tanzi. Tanzi ni mtego. Hebu tulishike neno hilo. Paulo angeweza kusema shimo, lakini hakusema hivyo. Mtu huanguka shimoni kwa sababu hakuona. Kwenye mtego huenda kwa sababu ameona kitu, akakipenda, akakifuata kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana wenye macho makali pia hunaswa.

Sasa Mungu ametupa mwalimu wa jambo hili, na si mtu. Ni majani. Iko mimea hapa duniani inayokula wadudu. Najua kuna mtu anasema, "Pasta, leo umeanza hadithi." Si hadithi. Mwanasayansi Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu yake, kikachapishwa mwaka 1875. Na mimea ya aina hiyo haiko ng'ambo tu. Mingine iko hapa kwetu Kenya.

1. Kinachong'aa kina njaa

Mmoja wao wataalamu huuita Drosera, jina lililotoka kwa Kigiriki, lenye maana ya umande. Uko katika sehemu chache za nyanda za juu, kwenye vinamasi vya udongo duni. Ni mmea mdogo; unaweza kuukanyaga usijue. Jani lake ni dogo, limejaa vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna tone linalong'aa kama umande wa asubuhi. Jua likilipiga, wapendwa, ni mapambo matupu! Ni kama mtu amemwaga shanga za kioo kwenye nyasi.

Nzi anapita, anaona mng'ao, anatua. Kumbe lile tone si maji, ni gundi. Mguu mmoja unashika. Anavuta, anagusa kinywele cha pili, nao mguu wa pili unashika. Vinywele vya pembeni vinaanza kuinama polepole kuelekea kwake, na aina nyingine jani lenyewe hujikunja. Ile gundi inaziba matundu yake ya kupumulia. Kisha mmea unatoa maji ya kumeng'enya, kama tumbo lako linavyofanya na ugali, na unafyonza kilicho laini. Baada ya siku kadhaa jani linafunguka tena, likiwa na ganda kavu juu yake na matone mapya yanayong'aa.

Kwa nini mmea ufanye hivyo, na mimea mingine yote hula kutoka ardhini? Wakulima wa chai, swali hili ni lenu. Mnajua jani la chai likikosa mbolea linavyogeuka njano. Ndiyo maana mnabeba magunia ya NPK: chai inataka nitrojeni, na ardhi peke yake haitoshi. Sasa huu mmea mdogo uko kwenye kinamasi ambako nitrojeni ni haba sana, na hakuna wa kuuletea mbolea. Kwa hiyo unaitafuta kwenye miili ya wadudu. Ule uzuri wote, yale matone yote, yanatokana na njaa. Mmea ule haung'ai kwa sababu una kitu cha kumpa nzi. Unang'aa kwa sababu unataka kitu kutoka kwake.

Mwambie jirani yako: Kinachong'aa kina njaa.

Ngoja nieleweke vizuri. Mmea haujatenda dhambi. Mungu aliuumba, akaupa njia ya kuishi mahali pa njaa, na ni mzuri kweli. Ninamsifu Muumba ninapoutazama. Lakini mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, akiamua kuishi kwa kunasa wenzake, huyo hana udhuru wa mmea.

Sasa tazama simu yako. Saa tano usiku inaingia meseji yenye maneno matamu: umechaguliwa, umepewa bonasi, bonyeza hapa. Kale kandege kwenye mchezo kanapaa, namba zinapanda, rangi zinawaka. Jiulize swali la mkulima: hawa wana shamba gani? Wanachuna nini? Kamari haina shamba, ndugu yangu. Pesa inayolipwa kwa mshindi imetoka mfukoni mwa walioshindwa, na mwenye mchezo amekata yake kwanza. Wewe ndiwe mbolea yake.

Na nisiogope kusema lililo karibu na nyumbani. Hata madhabahu inaweza kung'aa kwa njaa. Ukiambiwa leta bonasi yote ndipo Mungu akufungulie, na anayekwambia anazidi kunenepa huku wajane wanarudi nyumbani bila unga, usiangalie taa na vyombo vya muziki. Uliza nani analiwa. Sadaka ni ibada, nami nitaendelea kuifundisha. Lakini Bwana wetu aliwakemea waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na neno hilo liko katika Marko 12:40. Tulisome sisi wahubiri kwanza.

2. Penye utupu mtego umeshategwa

Mmea wa pili uko majini, kwenye madimbwi na vinamasi vya nchi yetu. Wataalamu huuita Utricularia. Juu ya maji utaona ua dogo tu, la njano au la zambarau, limetulia kama ua la kanisani. Chini ya maji ndiko kazi iliko. Huko kuna nyuzi zilizojaa vifuko vidogo, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Kila kifuko husukuma maji nje mpaka kuta zake zinabonyea ndani, kisha kinafunga mlango wake na kusubiri. Mdudu mdogo wa majini akigusa vinywele vya mlangoni, mlango unafunguka, maji yanavutwa ndani kwa nguvu pamoja naye, na mlango unajifunga. Mvuto wenyewe huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata kupepesa jicho ni polepole kuliko hapo.

Mtego huu hauna gundi wala asali. Nguvu yake ni utupu uliofungiwa ndani. Na sikieni jambo lingine: mmea huu hauna mizizi kabisa.

Vijana, hapa nazungumza nanyi kwa upendo. Wengi hawakuanza kubeti kwa sababu ni wabaya. Walianza kwa sababu jioni ilikuwa tupu. Kazi imekwisha saa saba mchana, boda boda haina abiria, mvua ya Kericho inanyesha kama kawaida yake, na mfukoni kuna simu. Utupu ule unavuta. Nasi wazazi tusinyooshe kidole tu. Kijana asiyepewa kazi shambani, asiyeulizwa maoni nyumbani, asiye na nafasi ya kutumika kanisani, tumemwacha bila mizizi halafu tunashangaa maji yakimchukua. Katika Wakolosai 2:7 Paulo anataka tuwe na mizizi ndani ya Kristo. Mizizi haioti kwa kelele za Jumapili peke yake. Inaota Jumatatu, mtu akiwa na kazi, na rafiki wa kweli, na Neno mkononi.

3. Ushindi wa kwanza ni chambo

Kule Madagaska, Shelisheli na nchi za mashariki ya mbali kuna mimea ambayo ncha ya jani lake imekuwa kikombe, kama kibuyu cha mursik kilichoachwa wazi. Ndani mna maji ya kumeng'enya. Kwenye mdomo wa kikombe kuna utomvu mtamu. Wataalamu huuita Nepenthes.

Watu waliochunguza mmea mmoja wa jamii hii katika kisiwa cha Borneo walichapisha mwaka 2015 jambo lililonishangaza. Mdomo wa kikombe ukiwa mkavu, hauna utelezi. Sisimizi wa kwanza anafika, analamba utamu, anarudi kwao salama. Anafanya nini? Anawaita wenzake. Wanakuja kwa mstari. Mdomo ukishaloa unakuwa na utelezi mkali, na sasa hawaanguki mmoja mmoja, wanaanguka kundi. Kwa kumwachilia wa kwanza, kikombe kinavuna wengi zaidi.

Mmemsikia huyo sisimizi? Ni yule jamaa pale stendi anayesema, "Mimi jana niliweka mia, nikatoa elfu mbili." Hasemi uongo. Alitoa kweli. Mdomo ulikuwa mkavu siku hiyo. Na meseji yake ikienda kwenye kundi la WhatsApp, mstari wa sisimizi unaanza.

Mkopo wa simu nao huanza hivyo hivyo. Wa kwanza ni mdogo, unalipa vizuri, unasifiwa. Kiwango kinapandishwa. Unajiona mtu wa kuaminika. Siku mvua inanyesha, mtoto ni mgonjwa na mshahara umechelewa, ndipo unagundua umesimama mahali penye utelezi.

Ndugu, usipime njia kwa hatua ya kwanza. Mithali 14:12 inataja njia ionekanayo kuwa sawa machoni pa mtu, lakini mwisho wake ni mauti. Ukishinda mara ya kwanza, usiseme Mungu amefungua mlango. Uliza mlango huo unaelekea wapi.

4. Kupapatika peke yako kunakunasa zaidi

Turudi kwa ule mmea mdogo wa umande. Nimeshasema nzi akivuta mguu mmoja anagusa kinywele kingine. Kila jitihada yake inauambia mmea kwamba kilichonaswa kiko hai, na vinywele vinazidi kumjia. Kuna mwingine kule Marekani, katika majimbo ya Carolina, wenye jani la meno kama mtego wa panya. Ukiguswa mara moja hutulia. Ukiguswa mara ya pili ndani ya sekunde kama 20 hivi, unafunga kwa ghafla. Na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mdudu akiendelea kuhangaika ndani, mmea unahesabu miguso yake, na inapofika kama mitano unaanza kutoa maji ya kumeng'enya. Kuhangaika kwake ndiko kunaita tumbo.

Mama mmoja wa eneo letu alinijia siku ya Jumanne, simu mkononi. Yeye na mwanawe wameniruhusu niseme, bila majina. Alikuwa amesubiri bonasi yake kwa ajili ya karo ya binti mdogo. Bonasi ilifika usiku. Asubuhi haikuwepo. Mwanawe mkubwa, ambaye ndiye humsomea meseji na kujua namba yake ya siri, alikuwa ameituma yote. Mama aliweka simu mezani akaniambia, "Pasta, niombee hii simu."

Niliiombea simu. Kisha nikamwomba aende amwite kijana.

Kijana alikuja. Alikaa muda mrefu bila neno. Alipofungua kinywa, nilidhani atasema alibeti kwa starehe. Hapana. Alikuwa anadaiwa na programu moja ya mikopo. Akakopa ya pili kulipa ya kwanza. Akakopa ya tatu kulipa ya pili. Wakaanza kuwapigia jamaa zake simu. Akaona aibu, akaamua ajitoe mwenyewe kabla mama hajajua: atabeti mara moja kubwa, alipe wote, arudishe bonasi kabla ya kupambazuka. Wapendwa, ule haukuwa ulafi. Ulikuwa nzi anayevuta miguu. Kila mguu aliouinua ulishika tone lingine.

Sasa fungueni Mithali 6. Pale kuna mtu aliyenaswa kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, yaani kwa kujifunga katika deni la mwingine. Na tazama ushauri anaopewa. Haambiwi akae aone aibu. Haambiwi atafute mtego mwingine wa kumtoa katika huu. Anaambiwa aende, ajinyenyekeze, amsihi yule anayemshikilia, na afanye hivyo kabla ya kulala. Biblia inasema ajiokoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Paa hajiokoi kwa siri. Anakimbia mchana, kila mtu akimwona.

Tulifanya hivyo. Tulichukua karatasi, akaandika kila deni, hata lile la shilingi mia tatu la kibanda cha chapati. Aliwaambia wajomba zake kwa mdomo wake mwenyewe. Mama akabadilisha namba ya siri. Shuleni waliomba muda. Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha. Bado analipa. Kuna siku mama hazungumzi naye. Lakini ametoka kwenye jani, na ametoka kwa sababu palikuwa na mkono kutoka nje. Wagalatia 6 inawaambia walio wa Roho wamrejeze aliyenaswa katika kosa kwa upole, na tuchukuliane mizigo. Kwa upole, wapendwa. Ukimnyofoa nzi kwenye gundi kwa hasira utabaki na mabawa mkononi.

Yule asiyeng'aa

Nifikie mwisho, na hapa ndipo Injili ilipo.

Hawa, katika Mwanzo 3:6, aliona mti kuwa unapendeza macho. Tangu siku ile binadamu amekuwa akifuata mng'ao. Sasa Mungu alipotaka kutuokoa, alimtuma Mwanawe namna gani? Isaya 53:2 inasema juu yake kwamba hakuwa na umbo wala uzuri wa kutufanya tumtamani. Alitoka kama mzizi katika nchi kavu. Alizaliwa zizini, akaishi Nazareti, mji ambao watu waliuliza kama kitu chema kinaweza kutoka huko. Hakuna matone ya kung'aa.

Na tazama tofauti. Mmea wa umande unang'aa ili ule. Yesu hakung'aa, akajitoa ili aliwe. Katika Yohana 6 anasema mkate atakaoutoa ni mwili wake, kwa ajili ya uzima wa ulimwengu. Kila kitu kinachokuita duniani, kipime kwa kipimo hicho: je, kinanipa uhai au kinanyonya uhai wangu? Meza ya Bwana ni mkate mkavu na kikombe kidogo. Haina taa za kuwaka na kuzima. Lakini hakuna aliyekuja pale akageuzwa kuwa chakula.

Zaburi 124 ni wimbo wa watu walionusurika. Wanamshukuru Bwana kwa kuwa hakuwatoa wawe mawindo ya meno ya adui. Nafsi yao imeokoka kama ndege, na mtego umevunjika. Angalia, ndege hakuuvunja mwenyewe. Ulivunjwa. Na msaada wetu, zaburi inamalizia, uko katika jina la Bwana aliyezifanya mbingu na nchi.

Kama uko kwenye jani leo, usivute tena peke yako. Njoo. Ukishindwa kuja mbele, nitafute Jumanne au mwone mzee wa kanisa wa eneo lako. Hatutatangaza jina lako.

La kufanya kabla bonasi haijafika

Kaeni mezani kama familia, mume, mke na watoto wakubwa, muandike bonasi itakwenda wapi: fungu la kumi, karo, madeni, chakula, shamba. Deni litajwe wazi. Namba ya siri ya simu ibaki kwa mwenye simu. Programu za kamari zifutwe mbele ya mtu unayemheshimu, si chumbani peke yako. Na kila nyumba imtafutie kijana mmoja kazi au huduma ya kufanya siku za kawaida, hata kama ni kupanga viti.

Ombi

Bwana Yesu, wewe hukuja kwa mng'ao, ulikuja na mwili wako. Utufungue macho tuione njaa iliyo nyuma ya kila kinachotuita usiku. Wavunjie mtego walionaswa, na utufanye sisi mikono mipole ya kuwainua. Bariki jasho la wachunaji, na bonasi ifike mahali ulipoikusudia. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Ni kitu gani kinachong'aa katika eneo letu, na nani analiwa nacho?
2. Soma Mithali 6:1–5. Kwa nini aliyenaswa anaambiwa aende kujinyenyekeza kabla ya kulala?
3. Je, kijana mwenye deni akija kwenye kikundi hiki leo, atapata gundi nyingine au mkono?